Sufuria Isiyongoja Mgeni

Risala ya Kikundi cha Wachoma Udongo wa Soin, ikisomwa na katibu wao, Joab Kiptum

Mgeni rasmi, viongozi mlioandamana naye, wachungaji, walimu, na nyinyi majirani mliokaa juani kwa sababu hema limetosha wageni peke yao: chamgei mising, hamjambo sana.

MAKARIBISHO

Hapa tulikuwa tumeandika "habari za asubuhi". Katibu wetu ameyapiga kalamu maneno hayo na kuandika "habari za mchana", kisha naye akashindwa aandike nini, akaacha nafasi wazi. Kwa hiyo habari tu, mgeni rasmi. Karibu sana. Usituone nyuso zimekunjamana ukadhani hatukufurahi kukuona. Tumefurahi, ila ni furaha ya watu waliosimama tangu alfajiri, na hiyo haionyeshi meno mengi.

Karibu chai. Majani yake yametoka huko juu Kabianga, ambako wengi wetu hupanda kwenda kuchuma. Maziwa ni ya hapa. Maji ni ya kisima chetu, kwa hiyo ukiona utando mweupe unaelea kikombeni usishtuke, hiyo ni chokaa. Sisi tumeizoea. Kitu kilichoshindwa kuizoea tutakitaja mbele.

Ukitazama nyuma ya hema, upande wa tanuri la matofali, utamwona mwanamke amekaa kwenye kigoda kando ya sufuria kubwa ya chuma. Hakuja kukupungia mkono kama wengine. Jina lake ni Chepkurui, lakini hapa kila mtu humwita Bot Chepngeno, yaani mama yake Chepngeno. Bwana Kipsang wa kamati ya mapokezi alimwomba ahamie hemani, akajifanya hakusikia. Akaombwa mara ya pili, akasema, "Nyinyi endeni mkasalimie watu. Mimi niko na mgonjwa hapa." Mgonjwa ni sufuria.

Risala hii ni yetu sote. Lakini tulipokaa kuiandika tuliona kila sentensi inarudi kwake, tukasema basi, na iwe yake.

HISTORIA

Sisi ni wachoma matofali. Udongo mwekundu tunauchimba popote. Ule mweupe tulikuwa tunauruka, kwa maana hautoi tofali la maana. Uko chini ya kilima, pale ng'enyet, mahali ambapo tangu zamani ng'ombe hupelekwa kulamba chumvi. Ndipo siku moja akaja Bwana Nyamweya, mwalimu wa kemia kutoka chuo kikuu, akauchota akautia kwenye mfuko, akaenda nao. Aliporudi alikuwa anacheka peke yake njiani. Bot Chepngeno alimwona wa kwanza, akatuambia, "Huyu ama ameokoka ama ameokota kitu."

Alitukusanya akatueleza polepole, na tunamshukuru kwa upole wake. Alisema, "Huu udongo mkiuchoma kwenye tanuri lenu, uwe umelegea kabisa, halafu mkaupika ndani ya maji ya kostik soda, ile ya kutengenezea sabuni, chombo kimefungwa, moto haupandi wala haushuki, unageuka. Hauwi udongo tena. Unakuwa chembe ndogo ndogo za jiwe lenye vyumba ndani. Maji magumu yakipita hapo, ile chokaa inaingia kwenye vyumba inabaki. Maji yanatoka laini."

"Na vyumba vikijaa?" Bot Chepngeno akauliza.

"Unaosha kwa maji ya chumvi. Wapangaji wote wanatoka, unaanza upya."

"Laiti wapangaji wangekuwa hivyo," akasema, tukacheka, kwa sababu ana chumba kimoja sokoni na tunamjua mpangaji wake.

Jiwe lenyewe linaitwa zeolaiti. Ulimi wetu hauelewani na herufi ya kwanza, na jina lenyewe ni refu kwa mtu mwenye kazi. Tunaliita seo.

Mgeni rasmi, hatutaficha kwamba tulianza vibaya. Bwana Nyamweya alisema tutafute chombo kisichopata kutu. Sasa wewe mwulize mfugaji yeyote wa Kericho au Bomet ni chombo gani nyumbani kwake hakipati kutu. Atakuonyesha mkebe wa maziwa. Bot Chepngeno alikuwa nao mmoja wa alumini, alioachiwa na mama mkwe, unang'aa mpaka unajiona ndani yake. Akautoa kwa moyo mweupe. Tukatia udongo, tukatia maji ya kostik, tukasubiri.

Hatukusubiri sana. Mkebe ulianza kunguruma. Povu likapanda, mvuke wa harufu mbaya ukatufukuza, na kabla hatujajua tushike wapi, chini ikatoboka na vyote vikamwagika. Kostik inakula alumini, kumbe. "Uui, mkebe wa mama!" alipiga kelele Bot Chepngeno, akaukimbilia badala ya kuukimbia. Ndipo akaungua mkono. Lile kovu utaliona akikusalimia, kama atapata nafasi ya kukusalimia.

Bwana Nyamweya alipofika alishika kichwa. "Kosa ni langu, mama. Ningesema stenlesi."

"Ungesema," akajibu, mkono ukiwa ndani ya beseni la maji. "Na kesho maziwa nipeleke na nini? Na kofia yako?"

Alitania, lakini aliporudi nyumbani alilia. Ametuambia mwenyewe. Hakulilia mkono.

Baadaye fundi Kinuthia wa Kericho mjini alituchomelea sufuria hii ya chuma kizito, ambacho kostik haikili, yenye mfuniko wa kufungwa kwa nati pande zote. Hiyo ndiyo historia.

MAFANIKIO

Sehemu hii huwa ndefu katika risala nyingine. Yetu ni fupi, tuvumilie.

Zahanati yetu ina mashine ya mvuke ya kusafishia vyombo vya kuzalishia. Chokaa ya kisima ilijijenga ndani yake kama ukoko wa ugali mpaka ikaunguza koili ya kwanza, ikaunguza ya pili. Wakati wa mvua tunakinga maji ya paa na hakuna shida. Kiangazi kikija matangi yanakauka, tunarudi kisimani, na Sista Jecinta Gathoni, muuguzi wetu, anafunga chumba cha kujifungulia. Hawezi kumzalisha mtu kwa vyombo ambavyo havikupita kwenye mvuke, na sisi hatuwezi kumlaumu. Anawaandikia akina mama waende Kericho.

Chepngeno alikuwa mmoja wa walioandikiwa, kiangazi kilichopita. Mama yake alikodi gari, wakapanda. Kabla ya kufika Sigowet mtoto alizaliwa ndani ya gari, na hakulia. Bot Chepngeno alimfunga kwenye shuka akamshika mpaka Kericho, akamshika tena mpaka nyumbani, na njia nzima dereva hakuwasha redio. Hatuna la kuongeza hapo.

Wiki moja baada ya mazishi alikuja kwenye tanuri akasema, "Ile sufuria tutaipika lini?" Tukaipika siku ile ile. Hakuna aliyealikwa. Hakukuwa na barua wala hema. Bwana Nyamweya alikaa nasi, na saa yake ilipofika akasema fungua, tukafungua. Tukaosha kwa maji baridi mpaka utelezi wa kostik ukaisha kabisa. Ilikuwa nyeupe kama unga wa ngano uliochujwa. Tukaijaza kwenye bomba la chujio pale zahanati, Sista Jecinta akafungulia maji, akayapima kwa sabuni ndani ya chupa. Yakatoa povu! Maji ya kisima cha Soin yakatoa povu! Alimkumbatia Bot Chepngeno bila kuvua aproni.

Kiangazi chote kilichobaki chumba hakikufungwa. Watoto waliozaliwa humo wanatambaa hapa nyuma ya viti, na mmoja ndiye huyo anayelia sasa hivi.

Hayo ndiyo mafanikio yetu, mgeni rasmi. Ni sufuria moja.

CHANGAMOTO

Habari zikasambaa, na wageni wakaanza kuja.

Tunalisema hili kwa heshima zote, na wazee wamepitia kila neno. Sisi tulilelewa hivi: mgeni akitarajiwa, sufuria haifunuliwi kabla hajaketi. Hata watoto walie njaa, chakula kinamngoja mgeni. Ni adabu yetu, na tunaipenda. Kosa letu ni kwamba adabu ya ugali tuliipa na seo.

Mgeni wa kwanza aliwahi. Alikuwa na mkutano mwingine, akaomba afunguliwe mapema. Bot Chepngeno alisema haijaiva, akaambiwa asimwaibishe mheshimiwa. Sufuria ikafunguliwa, ndani mkawa na uji wa kijivu tu. Mheshimiwa akausifu, akauliza kama unaliwa.

Mgeni wa pili alichelewa mpaka jioni. Sasa hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo Bwana Nyamweya alikuwa amelisema na masikio yetu hayakulishika. Seo haingoji. Ikipita wakati wake ndani ya yale maji makali ya moto, haikai hapo ilipo. Inaendelea kugeuka. Inajibana, inakuwa jiwe lingine, na vile vyumba vinasongwa milango. Kwa macho hujui, kwa maana ni nyeupe vile vile. Mgeni alifungua, watu wakapiga makofi, picha zikapigwa, tukaimba. Kesho yake Sista Jecinta aliyapima maji kwa sabuni, yakakataa povu. Bot Chepngeno aliichukua ile chupa akaitikisa tena, akaitikisa tena, mpaka Sista akamshika mkono.

Mgeni wa tatu hakuja, alituma mwakilishi. Mwakilishi alisema hana mamlaka ya kufungua, akawa anapiga simu mpaka seo nayo ikapita wakati.

Na ile seo nzuri ya kwanza, mtauliza, si inaoshwa na chumvi ikatumika tena? Ndiyo. Lakini kila mgeni aliomba achukue chupa moja ya mfano aende akawaonyeshe wenzake. Maofisa wake nao wakaomba. Tungekataaje? Tuliwafungia vizuri, na karatasi ya maua juu. Siku tuliyokwenda kuangalia bomba la chujio tulikuta limebaki na kiasi cha kutia chumvi mboga.

Tumechoka, mgeni rasmi. Tulifikiria kutumia neno la heshima zaidi tukalikosa. Tumechoka kufagia uwanja. Tumechoka kuazima viti vya kanisa na kuvirudisha usiku. Tumechoka na wimbo wenyewe, na watoto wetu wanauimba wakienda kuteka maji, wamebadilisha maneno, na maneno yao ni ya kweli kuliko yetu.

Leo hali ni hii. Ni kiangazi na matangi yamekauka. Chepngeno ana mimba nyingine, na siku zake zimetimia. Tangu juzi analala kwa Sista Jecinta, nyuma ya zahanati, kwa sababu mama yake ameapa hataliona gari tena akiwa katika hali hiyo. Chumba kimefungwa. Sista amesema, "Nileteeni maji laini leo, kesho nafungua." Udongo uliochomwa umekwisha wote, umo ndani ya ile sufuria pale. Tanuri haliwashwi tena mpaka matofali mapya yakauke, na hayo hata hayajafyatuliwa.

Bot Chepngeno alitaka kupika jana, kimya kimya. Bwana Kipsang akaja mbio.

"Mama, barua ya mgeni imefika. Anataka kuiona ikifunguliwa."

"Nitampikia nyingine akija."

"Si umesema udongo ndio huo wa mwisho?"

"Ndiyo maana nataka kuipika leo."

"Bot Chepngeno, mheshimiwa akute sufuria tupu? Hebu fikiria aibu hiyo. Sisi si watu wa namna hiyo."

Hapo alimpata. Naye alilelewa na mama yule yule aliyetulea sisi sote. Akakubali ingoje. Usiku ule alikuja kwa katibu akasema amekubali, lakini moyo wake umekataa, na hajui amsikilize nani.

Kwa hiyo leo hatukuwasha moto kwa saa iliyo kwenye barua, maana tumepata elimu hiyo. Tuliwasha Bwana Kipsang alipopigiwa simu kwamba msafara umetoka Kericho. Tulipiga hesabu vizuri. Baadaye tukasikia mmeshuka kunywa chai mahali fulani. Hatuwalaumu, chai ya huku hairukwi. Lakini moto ulikuwa umeshawaka.

MAOMBI

Katika risala tatu zilizotangulia tuliomba barabara, umeme, gari la wagonjwa, jengo la kiwanda kidogo na glovu. Majibu yote yalikuwa mazuri. Katibu alikuwa amenakili maombi hayo hayo hapa, tukamwambia ayafute yote, hata glovu.

Ombi letu ni moja.

Ratiba uliyopewa inasema kwamba baada ya risala hii watazungumza viongozi saba, kisha utazungumza wewe, kisha utasindikizwa na kwaya hadi kwenye sufuria ukakate utepe. Utepe uko pale juu ya mfuniko, mwekundu, umeshaanza kunuka kwa joto. Bwana Nyamweya amekaa mstari wa pili. Tulimwuliza kabla hujashuka garini seo itaiva saa ngapi. Alitazama saa yake, akatazama ratiba, akasema, "Ikifika hotuba ya kiongozi wa kwanza, imepita."

Tulikuwa tumeandika hivi: tunakuomba ruhusa tuifungue sasa. Tulipoisoma tena tukaona ruhusa nayo ni ya kusubiriwa. Utauliza washauri wako, washauri watauliza Bwana Kipsang, na Bwana Kipsang ni mtu mwema lakini tunamjua. Tumeifuta.

Badala yake tunakuomba ubaki umeketi.

Hiyo tu. Wewe ni mgeni wetu na mgeni hasimami. Kunywa chai yako. Bot Chepngeno ameambiwa kwamba katibu akifika kwenye neno "maombi" asitazame tena hemani wala asimsikilize mtu. Kelele ya chuma unayoisikia huko nyuma ni yeye, analegeza nati. Mkono wake mmoja hauna nguvu ya zamani kwa ajili ya lile kovu, kwa hiyo itachukua muda kidogo, na muda huo ndio tunaojaza kwa maneno haya. Akimaliza ataumwaga ule mchuzi mkali, ataosha, ataosha tena, kisha vijana watabeba ndoo hadi zahanati. Bwana Kipsang, tunajua ukifika mstari huu utakuwa umeinuka. Tafadhali kaa. Aibu ni yetu, tumekubali kuibeba, na ukitaka kusaidia, beba ndoo.

Mgeni rasmi, ukitaka kuiona seo, nenda zahanati kesho asubuhi uitazame ikifanya kazi. Mlango utakuwa wazi. Tunaomba tu usichukue mfano.

Na kama kuna mwingine huko ofisini anayepanga kuja kututembelea, tunaomba umwambie tunampenda, na asije. Tutamwita wenyewe. Ukimwona Chepngeno akitembea na mtoto mgongoni sokoni hapa Soin, ujue tumeanza kuwa na nafasi ya kupokea wageni.

Mungu akubariki kwa kutusikiliza bila kuinuka. Akurudishe Kericho kwa barabara ile ile uliyokuja nayo, na kila mmoja aliyepanda garini mwako afike akiwa anapumua. Kongoi mising, asante sana.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Wachoma Udongo wa Soin.
Mwenyekiti wetu, Chepkurui, hakupata nafasi ya kutia sahihi. Mikono yake ina kazi.